Frigo ndani ya gari: kutoka Bukavu mpaka Uvira, na kurudi na samaki



Wiki hii tunashuka pamoja barabara ya Uvira. Safari hii ina sababu yake. Wamama wetu wanaouza samaki walileta ombi kwenye mkutano: wanataka kutia frigo ndani ya gari wanalokodi, ili mikeke na ndakala wanaovuliwa usiku kule Uvira wafike soko la Kadutu wakiwa bado wabichi. Wauzaji wa vyombo wamekwisha kuwaonyesha frigo za aina nne, na kila muuzaji anasifu yake. Pesa ya kununua iko ndani ya sanduku la akiba, mzunguko mzima wa wamama kumi na nane. Ni pesa ambayo ingelipa shule na dawa, na ikinunua chombo kisichofaa, hakuna atakayeirudisha. Kamati ilinituma niangalie njia na kupiga hesabu, kwani mwalimu hawezi kukataa hesabu.

Tunasema hapa juu ya siku ambazo njia inapitika. Siku ambayo haipitiki, hakuna frigo itakayosaidia.

Mto unaotupa umeme

Tunatoka Bukavu, na mto Ruzizi nao unatoka hapo hapo, kwenye Ziwa Kivu. Ziwa letu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770. Ruzizi inateremka tofauti hiyo yote, karibu mita 700, mpaka inapoingia Tanganyika. Kuteremka huko ndiko kunakozungusha mashine za umeme. Bwawa la Ruzizi ya kwanza lilianza kazi mwisho wa miaka ya 1950, na Ruzizi ya pili mwaka 1989, kwa ajili ya nchi tatu: Congo, Rwanda na Burundi.

Ninaanza na mto kwa sababu wengi wetu tunaanza na frigo. Tunaiona dukani, nyeupe, inang'aa, tunauliza bei, tunafika nyumbani na kuanza kutafuta umeme wa kuilisha. Ni kama kununua ng'ombe kabla ya kuuliza majani yako wapi. Swali la kwanza ni umeme: unatoka wapi, ni mwingi kiasi gani, na unapatikana masaa mangapi kwa siku.

Hesabu yenyewe si ngumu, hata mtoto wa darasa la tano anaiweza. Chombo kinakula wati fulani. Zidisha kwa masaa kinayofanya kazi, unapata wati-saa. Taa ya wati 10 ikiwaka masaa 5 imekula wati-saa 50. Frigo ndogo ya gari ya wati 50, ikifanya kazi nusu ya siku, yaani masaa 12, inakula wati-saa 600. Shikeni namba hiyo, 600, tutaihitaji njiani.

Ngomo na frigo ya moto

Baada ya Nyangezi tunafika Ngomo. Ambaye amepita huko anajua: upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine shimo, kona juu ya kona, na wakati wa mvua udongo unashikilia matairi kama ugali. Gari linainama mbele, linainama pembeni, abiria wananyamaza.

Hapa tunaitoa frigo ya kwanza, ile ya moto. Wazee wetu waliiona kwenye misheni: frigo ya petroli yenye utambi chini, inayotoa baridi kwa kuwasha moto. Siku hizi iko pia ya gazi ya chupa. Wanafunzi wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, waliibuni mwaka 1922. Haina mota. Moto unapasha mchanganyiko wa amonia na maji ndani ya mabomba, mvuke unapanda, unapoa, unarudi chini wenyewe, na katika mzunguko huo unabeba joto la ndani kulipeleka nje. Ni kimya, na mahali pasipo na waya imeokoa watu wengi.

Lakini maji yale ya mabomba yanarudi kwa uzito wake tu, kwa hiyo frigo hii sherti ikae sawa. Ikiinama muda mrefu, mzunguko unasimama, na moto ukiendelea kuwaka mabomba yanaweza kuharibika kabisa. Ngomo hakuna mahali pa sawa. Tena, moto wa wazi ndani ya gari linalotembea, na bidoni ya esansi chini ya kiti, mimi sitamshauri mama yeyote.

Huko Marekani na Ulaya kuna watu wanaosafiri na gari ambalo ni nyumba, lenye kitanda, jiko na frigo. Swali letu ni swali lao kwa miaka mingi, na baadhi ya frigo tunazoonyeshwa zilitengenezwa kwa ajili yao. Ila gari lao likifika linasimama siku kadhaa kwenye uwanja uliosawazishwa, mara nyingi pana na waya wa umeme wa kuchomeka. Letu linapakia, linapanda Ngomo, linapakua na kurudi. Kwa hiyo sifa za frigo zinazowafaa wao tuzisikilize, halafu tuulize: na Ngomo je?

Bado tuko kwenye kona, kwa hiyo neno moja juu ya batri. Batri inayowasha gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa dakika chache, kisha kujazwa tena mara moja. Ukiifunga kwenye frigo usiku kucha, inakauka, na asubuhi gari halilii. Kufanya hivyo mara nyingi kunaiua. Frigo ya gari inahitaji batri yake ya pili, ile ya kutoa nguvu polepole. Kati ya batri mbili kunawekwa kifaa cha kuzitenganisha, ili mota ya gari ijaze zote mbili ikitembea, na frigo ile kutoka moja tu ikisimama. Fundi akisema kifaa hicho si cha lazima, tafuteni fundi mwingine. Mwambieni pia aweke fizibu karibu kabisa na batri, na waya mnene. Waya mwembamba unapata joto, na gari nyingi zimeungua kwa waya wa bei rahisi.

Joto la Kamanyola

Chini ya Ngomo ni Kamanyola, halafu bonde lote la Ruzizi: Luvungi, Sange, Kiliba. Bukavu tumeacha sweta; hapa mtu anatafuta kivuli. Mchana joto linapita digrii 30. Wamama wamepanga nyanya, ndizi na vibidoni vya mafuta ya mawese kando ya njia, na kila gari likisimama watoto wanakimbia na maji ya vifuko.

Hapa frigo ya pili inaanguka mtihani. Ni lile sanduku la plastiki lenye feni, la bei ndogo, linalochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Halina kompresa. Linapunguza tu joto la nje kwa digrii 20 hivi, basi. Bukavu asubuhi, nje kukiwa digrii 18, utasema ni frigo ya kweli. Sange mchana, nje digrii 32, ndani mtakuwa na digrii 12. Samaki anataka kukaa karibu na digrii 0. Kupita digrii 5 anaanza kuharibika upesi. Kwenye digrii 12 anaoza taratibu ndani ya sanduku zuri. Na sanduku hilo halipumziki: linakula wati 50 hivi saa zote, zaidi ya frigo ya kompresa yenye baridi ya kweli.

Frigo ya tatu ni ya nyumbani, ya volti 220. Ili ifanye kazi garini inahitaji konvetisa, kile chombo kinachogeuza volti 12 ya batri kuwa 220. Frigo hiyo inapoanza kuzunguka inavuta nguvu mara kadhaa kuliko ile iliyoandikwa, kwa hiyo konvetisa ndogo inazima au inaungua. Konvetisa yenyewe nayo inakula umeme hata frigo ikiwa imepumzika. Na mabomba yake hayakutengenezwa kwa mashimo ya barabara. Nyumbani ni nzuri, lakini si ya kufungwa ndani ya gari letu.

Inabaki ya nne, frigo ya kompresa ya volti 12, iliyotengenezwa kwa magari na mashua. Inavumilia kuinama, inatoa baridi ya kweli hata kwenye joto la bonde, na iliyo nzuri inajizima yenyewe batri inapokaribia kuisha. Kama ni lazima frigo isafiri, ni hii.

Sasa tuilishe. Inakula zile wati-saa 600 kwa siku. Batri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 ndani yake. Kama ni batri ya risasi, ile nzito ya kawaida au ya jeli, tusitumie zaidi ya nusu, la sivyo inakufa mapema: tunabaki na 600, siku moja tu. Batri ya lithiamu tunaweza kutumia karibu yote, ni nyepesi zaidi ya mara mbili, na inadumu miaka mingi zaidi. Ila siku ya kununua inauma mfuko. Pano ya jua ya wati 100 juu ya gari, siku ya jua zuri, baada ya kutoa kinachopotea njiani, inaleta wati-saa 300 hivi. Kwa hiyo pano mbili kwa frigo moja ndogo, siku ya jua. Nasi tunajua kwamba Bukavu, kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa tano, mvua haituulizi.

Na grupu, je? Tafadhali, wamama: grupu isiwashwe kamwe ndani ya gari, wala ndani ya nyumba, hata madirisha yakiwa wazi. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na inaua watu wakiwa wamelala.

Asubuhi ya Uvira

Uvira inaamka mapema. Kabla jua halijatoka juu ya milima ya Burundi, mitumbwi iliyokuwa ziwani usiku na taa zake inarudi, na wamama wanaingia majini mpaka magotini kupokea. Ndakala wanameremeta ndani ya mabeseni. Bei inapangwa pale pale, kwa haraka, kwa sababu kila mtu anajua jua likipanda bei inashuka pamoja na samaki. Wanaoshindwa kuuza wanaanika ndakala kwenye mchanga au wanabanika mikeke juu ya moshi. Ni akili ya zamani isiyohitaji umeme, na hatuidharau. Lakini samaki mbichi ana bei yake Kadutu.

Pale ufukweni ndipo nilipiga hesabu iliyobadilisha jibu langu.

Samaki anatoka ziwani akiwa na joto la maji, digrii 26 hivi. Chukua kilo 20. Kuwashusha mpaka karibu digrii 0 ni kuondoa joto la karibu wati-saa 520. Ile frigo ya nne, nzuri kuliko zote, ya wati 50, inaweza kuondoa joto la wati-saa 65 hivi kila saa. Gawanyeni: masaa nane. Masaa nane bila kupumzika na bila kufungua mfuniko, kwa kilo 20 tu. Kama safari inaenda vizuri, gari litafika Bukavu kabla samaki hawajapoa. Wale wa katikati ya sanduku watakuwa wamesafiri na joto la ziwa njia nzima.

Frigo ndogo inalinda baridi iliyopo. Haiumbi baridi upesi. Ukiweka ndani kitu kilichokwisha kupoa, itakitunza vizuri. Ukiweka mzigo wa moto, unaipa kazi ya punda mtoto.

Barafu ni kitu kingine. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inanyonya joto la wati-saa 93. Kwa hiyo kilo 6 za barafu zinapoza zile kilo 20 za samaki, tena upesi, kwa sababu barafu iliyopondwa inagusa kila samaki pande zote. Ongeza ya kupigana na joto la bonde na ya kuchelewa kwenye vizuizi. Kwa nchi za joto kama yetu, kipimo cha wavuvi ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, na kinachobaki kinasaidia sokoni.

Ndiyo maana ninasema: tusipeleke umeme ndani ya gari kutengeneza baridi njiani. Tutengeneze baridi Uvira, mahali umeme upo, na tuipandishe ikiwa barafu.

Ushauri kwa kamati

Kwanza, pesa iende kwenye kongelateri moja, ile inayofunguliwa juu kama sanduku, iwekwe Uvira kwa mama mwanachama aliye na waya na mlango wa kufunga. Inayofunguliwa juu haimwagi baridi kila ukiifungua, kwa sababu hewa baridi ni nzito na inabaki chini. Dukani, msiangalie ukubwa tu. Tafuteni kwenye karatasi yake kilo ngapi inaweza kugandisha kwa masaa 24. Kongelateri kubwa inayogandisha kilo 10 kwa siku itawapa kilo 10, hata mkiijaza maji kilo 60. Basi barafu itengenezwe kila siku, si siku ya safari tu. Siku umeme unakatika, ikiwa imejaa na haifunguliwi, itashikilia baridi siku nzima.

Pili, kama waya haushikiki, pano za jua ziwekwe juu ya nyumba Uvira, si juu ya gari. Kongelateri inayogandisha maji inaweza kula wati-saa 2,000 kwa siku. Hiyo ni pano za wati 700 hivi. Lakini inaweza kufanya kazi kubwa mchana, jua likiwapo, na barafu ikabeba baridi ya usiku, kwa hiyo batri haitakuwa kubwa sana. Vituo vya afya vina frigo za chanjo zinazotumia akili hiyo hiyo: jua linagandisha, na barafu inalinda usiku, bila batri. Frigo hizo ni za chanjo tu. Mtu asiombe kuweka samaki humo.

Tatu, ndani ya gari tuweke kongelateri iliyokufa. Ndiyo, iliyokufa. Mafundi wanazo nyingi ambazo kompresa imeungua, na bei yake ni ndogo. Ukuta wake ni mnene, mfuniko una mpira, na nyingi zina tundu la kutoa maji chini. Panga tabaka la barafu iliyopondwa, tabaka la samaki, tabaka la barafu, na juu kabisa barafu. Acha maji ya kuyeyuka yatoke; samaki anayeogelea kwenye maji machafu anaharibika. Funga sanduku kwa kamba imara kabla ya Ngomo.

Nne, maji ya barafu yawe maji ya kunywa. Uvira inaujua ugonjwa wa kolera, na kugandisha hakuui vijidudu vyake. Maji ya ziwa yasiyotibiwa yakigusa samaki, tutakuwa tumeuza ugonjwa pamoja na chakula.

Frigo ya volti 12 sikuitupa. Kikundi kikianza kupeleka maziwa au yogati sokoni, vitu vidogo vinavyoondoka nyumbani vikiwa vimekwisha kupoa, itafaa sana. Inunuliwe basi kwa faida ya samaki, pamoja na batri yake ya pili, si kwa akiba ya sasa.

Kamati itaketi Jumamosi. Wamama wenye ndugu Uvira waje na majibu ya maswali haya matatu: umeme wa waya unakuja masaa mangapi kwa siku katika mtaa wao, nani ana chumba chenye mlango wa kufunga na hewa inayopita, na kilo ngapi za samaki tunaweza kweli kuuza Kadutu kwa asubuhi moja. Tukiwa na namba hizo tatu, tutajua kongelateri ya kilo ngapi ya kutafuta. Kabla ya hapo, ufunguo wa sanduku ubaki kwa mtunza hazina.